MBUNI HAUTAKI JOTO
Mazungumzo juu ya kahawa, majira yaliyogeuka, na miti ya pwani yetu

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyoandikwa na mfasiri wa Serikali kwa ajili ya wakulima wa Malindi na Kilifi.



Ikiisha kusaliwa Magharibi katika mitaa ya kale ya Malindi, husikika mlio wa vikombe vikigonganishwa kidogo kidogo. Ni muuza kahawa apita, dele lake mkononi na makaa yake mekundu chini ya dele. Wazee waketio barazani humwita, naye huwamiminia kahawa chungu yenye tangawizi, wakainywa pamoja na kashata au kipande cha halua huku wakizungumza habari za mji. Desturi hii ni ya zamani sana, hata mtu aweza kudhani ya kuwa kahawa ni zao la pwani kama nazi au korosho. Sivyo. Kahawa ile hutoka bara, katika vilima vyenye baridi na udongo mwekundu, nayo hushuka kwetu ikiwa imekwisha kukauka. Sisi wa pwani ni wanywaji wa kahawa. Wakulima wake wako mbali nasi.

Nimeamua kuzungumza juu ya jambo hili kwa sababu ya mzee mmoja wa upande wa Jilore. Kazi yangu ni kufasiri karatasi za wataalamu, wa kilimo na wa mambo mengine, kwa Kiswahili ambacho mtu wa shamba aweza kukisoma. Mzee huyo alinijia ameshika mche mdogo katika mfuko wa plastiki. Ulikuwa mche wa kahawa. Alikuwa ameununua kwa mchuuzi apitaye, ambaye alimwambia kwamba bei ya kahawa duniani imepanda kuliko wakati wowote, na ya kwamba hali ya hewa imegeuka kabisa, kwa hiyo mazao ya bara sasa yatashuka pwani. Mzee ana mikorosho kumi na miwili iliyozeeka, na wajukuu watatu walio shuleni. Alitaka kukata mikorosho ile na kupanda kahawa mahali pake. Lakini majani ya mche ule yalikuwa yamekwisha kuanza kugeuka manjano, naye akawa na shaka.

Nilipomwambia kwamba sidhani kahawa itamfaa, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, baba yangu alikatazwa kahawa na Serikali. Leo wewe wa Serikali wanikataza mimi. Tofauti ni nini?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake si la maneno mawili. Ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

MAKATAZO YA ZAMANI

Kwanza yatupasa kukubali kweli. Mapadre Wafaransa walileta miche ya kahawa huko Bura, katika vilima vya Taita, mwaka 1893, nao mashamba makubwa yakaenea baadaye karibu na Nairobi na Kiambu. Lakini kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kupanda kahawa aina ya arabika kwa biashara. Walowezi walidai kwamba mashamba ya Waafrika yangeleta magonjwa na kuharibu sifa ya kahawa yao. Pia walihofu kwamba mwenye shamba lake mwenyewe hatakwenda kuwafanyia kazi. Katika miaka ya 1930 majaribio machache yaliruhusiwa Kisii, Meru na Embu, tena kwa masharti mengi. Mlango ulifunguliwa hasa baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954, unaojulikana kwa jina la Swynnerton.

Kwa hiyo mtu mwenye umri mkubwa akisikia neno "usipande kahawa," hukumbuka jambo hilo, wala si ajabu. Lakini katazo lile lilikuwa la watu, nalo lilikwisha. Hili ninalolisema leo si katazo, wala halina askari wala faini. Ni habari za mti wenyewe: nini unachokitaka, nini usichokipenda, na nini unachofanya joto linapozidi. Mti hausikii amri ya Serikali, wala hausikii maneno ya mchuuzi.

ASILI YA MBUNI

Mti wa kahawa, ambao Kiswahili kizuri huuita mbuni, na tunda lake buni, una jamaa nyingi. Wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 120 za mibuni katika dunia, lakini zinazonywewa na watu wengi ni mbili tu: arabika na robusta.

Arabika asili yake ni misitu ya milimani ya kusini-magharibi ya Ethiopia. Huko mbuni huota chini ya miti mikubwa, katika kivuli na ukungu, mahali ambapo joto la kadiri la mwaka ni kama digrii 18 hadi 22 za sentigredi. Hii ndiyo hali iliyouzoea tangu zamani za kale, nao haukuisahau. Kutoka Ethiopia ulipelekwa Yemeni, na kutoka Yemeni ukaenea duniani. Lakini popote ulipopandwa, watu walilazimika kuutafutia mahali palipofanana na kwao. Ndiyo maana nchini Kenya waukuta Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu, Meru, Kisii na Bungoma, sehemu zilizo juu ya bahari kwa mita 1,400 hadi 2,000 hivi.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Ukipanda mlima, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 0.6 kwa kila mita 100. Malindi iko usawa wa bahari, na joto lake la kadiri ni kama digrii 26 au 27. Ukitaka kupata digrii 20 ambazo arabika huzipenda, yakubidi upande zaidi ya mita 1,000. Lakini katika Kilifi yote, tangu Mtwapa mpaka Marafa, hakuna kilima kiendacho juu kiasi hicho. Mche wa yule mzee uligeuka manjano kwa sababu hiyo. Haukuwa na ugonjwa, wala mzee hakuukosea maji. Ulikuwa nje ya nchi yake.

Huenda mtu akasema, "Basi na tupande robusta, ambayo hulimwa katika nchi za joto." Ni kweli kwamba robusta ilitoka katika misitu ya chini ya Kongo na Uganda, nayo hustahimili joto kuliko arabika. Lakini robusta hutaka mvua nyingi, ipatayo milimita 1,200 au 1,500 kwa mwaka na kuzidi, iliyogawanyika vizuri. Malindi hupata kama milimita 1,000, na ukienda ndani, Ganze na Magarini, mvua hupungua zaidi. Isitoshe, mwaka 2020 wataalamu waliochunguza mashamba mengi ya robusta katika Vietnam na Indonesia walitangaza kwamba hata mti huo hauvumilii joto kama ilivyodhaniwa: kila digrii moja ya joto iliyozidi kipimo kiufaacho mti ilipunguza mavuno kwa kiasi cha 14 katika mia.

UA, TUNDA NA MBEGU

Natufuate sasa mwaka mmoja wa mbuni, tupate kuona joto na mvua huugusa wapi.

Vichipukizi vya maua hutokea penye vikonyo vya majani, kisha hulala. Katika kipindi cha kiangazi hukaa vimefumba, kama vile vinavyongoja. Mvua ya kwanza nzuri inyeshapo, huamka, na baada ya siku nane au kumi hivi shamba zima huwa jeupe kwa maua yenye harufu kama ya asmini. Maua hayo hudumu siku chache tu. Kwa hiyo mkulima wa bara hutaka mambo mawili: kiangazi kilicho kiangazi kweli, na mvua iliyo mvua kweli. Matunda yake yakianza siku moja, yatawiva karibu wakati mmoja.

Lakini majira yakivurugika, manyunyu huanguka katikati ya kiangazi, vichipukizi vichache vikaamka. Kisha jua hurudi. Kisha manyunyu tena. Mti mmoja ukawa na ua, tunda bichi na tunda lililoiva kwa pamoja. Mchumaji hulazimika kurudi shambani mara nyingi badala ya mara chache, na ujira wake hupanda, na sifa ya kahawa hushuka kwa kuwa mabichi huchanganyika na mabivu. Joto likiwa kali mno wakati wa maua, maua mengine hayafunguki sawasawa. Hubaki madogo na magumu kama nyota za kijani, wala hayazai.

Baada ya ua huja tunda. Arabika hubeba tunda lake miezi saba hata tisa, na huo polepole ndio utamu wake. Penye baridi, buni hujaa taratibu, ikawa nzito na ngumu, na kahawa yake hupata harufu ile iletayo bei nzuri. Penye joto la kupita digrii 23, tunda huharakishwa. Huwa jekundu kabla mbegu haijashiba ndani, mithili ya embe lililovundikwa: nje limeiva, ndani halina tamu. Mkulima huona matunda mengi, lakini mizani haimwambii vile macho yalivyomwambia.

Na majani je? Chini ya jani mna vitundu vidogo sana ambavyo mti huvutia hewa na kutolea mvuke wa maji. Hewa ikiwa kavu na jua likiwa kali, mbuni hufunga vitundu hivyo ili usikauke. Ni akili nzuri, lakini ina gharama: mlango ukifungwa, hewa ambayo mti huifanyia chakula haiingii. Hivyo mti husalimika na kiu kwa kukaa na njaa. Kiangazi kikiendelea hupukutisha majani, na mwisho ncha za matawi hufa. Mti kama huo waweza kupona mvua zirudipo, lakini mwaka ule umekwisha kupotea, na pengine mwaka ufuatao pia.

Wataalamu wengine wameona kwamba hewa ya kaboni, ambayo imezidi angani kwa sababu ya kuchoma mafuta na makaa ya mawe, husaidia mbuni kidogo kuvumilia joto, kwa kuwa ndiyo chakula cha majani. Haifai kuficha habari hiyo. Lakini msaada huo hauleti mvua iliyokosekana, wala hauondoi wadudu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitambui ni joto la usiku. Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza kahawa ya Tanzania walionyesha kwamba mavuno ya arabika yamekuwa yakishuka, na sababu kubwa ilikuwa usiku usiopoa kama zamani. Walikadiria kwamba joto la usiku likizidi kwa digrii moja, mkulima hupoteza kama kilo 137 katika kila hekta kwa mwaka. Kwa mtu mwenye shamba dogo, hiyo ni karo ya mtoto.

MAADUI WAPANDAO MLIMA

Ziko hasara zisizotoka kwa mti wenyewe. Yuko kidudu cheusi, urefu wake hauzidi milimita 2, ambaye jike lake hutoboa tunda la kahawa na kutaga mayai ndani ya buni. Watoto wake hula mbegu ile mpaka ikawa unga. Kidudu huyu hapendi baridi: joto likiwa chini ya digrii 15 hivi, hawezi kuzaa. Kwa sababu hiyo milima mirefu ya Afrika ya Mashariki ilikuwa kama ngome dhidi yake. Mwaka 2009 wataalamu, baadhi yao wa kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walitoa hesabu iliyoonyesha kwamba kadiri joto linavyozidi, ndivyo azaavyo mara nyingi zaidi kwa mwaka, na ndivyo apandavyo juu. Ngome ile imepata ufa.

Uko pia ugonjwa wa kutu ya majani, ambao mwaka 1869 ulionekana katika kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka, na baada ya muda uliangamiza karibu kahawa yote ya huko, hata wenye mashamba wakageukia chai. Ugonjwa wa chule ya buni, ambao hupenda baridi na unyevu, ulianza kuonekana Kenya mwaka 1922. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilifanya kazi ya miaka mingi mpaka kupata aina zishindanazo na magonjwa hayo, kama Ruiru 11 katika miaka ya 1980 na Batian mwaka 2010. Hizo ni sifa kubwa kwa wataalamu wetu. Lakini aina iliyozaliwa ili kushinda ugonjwa si lazima ishinde joto. Hiyo ni kazi nyingine, na bado inaendelea.

MLIMA UNA KILELE

Yule mchuuzi alisema kwamba kahawa itashuka pwani. Kweli ni kinyume chake. Joto la dunia limekwisha kupanda kwa zaidi ya digrii moja tangu wakati wa mababu wa babu zetu, na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa. Kwa hesabu tuliyoifanya, digrii moja ya joto ni kama mita 170 za mlima. Maana yake, mbuni uliokuwa ukikaa vizuri penye mita 1,500 sasa wataka kukaa penye mita 1,670. Kahawa yapanda juu, haishuki.

Na huko juu kuna nini? Kuna mashamba ya chai, kuna vijiji vilivyojaa watu, na juu yake kuna misitu ya Serikali ambayo ndiyo chemchemi ya mito. Tena mlima kila uendapo juu huwa mwembamba, na mwisho wake ni kilele. Wataalamu waliotoa hesabu mwaka 2015 walisema kwamba ifikapo mwaka 2050 ardhi iifaayo kahawa duniani huenda ikapungua kwa nusu.

Kupungua kwa kahawa ya Kenya kusidhaniwe kuwa ni kosa la joto peke yake. Nchi hii ilivuna kama tani 129,000 katika msimu wa 1987/88, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikivuna karibu tani 50,000. Bei zilianguka baada ya mapatano ya mataifa kuvunjika mwaka 1989, vyama vingi vya ushirika vilielemewa na madeni, na mashamba ya Kiambu yakageuzwa kuwa nyumba. Joto limekuta mgonjwa aliye kitandani tayari.

Hata habari ya bei aliyoisema mchuuzi ilikuwa ya kweli, ila hakuifahamu maana yake. Bei ilipanda sana mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025 kwa sababu ukame uliharibu mashamba ya Brazili na Vietnam, nchi mbili zivunazo kahawa nyingi kuliko nyingine zote. Bei ile nzuri ilikuwa kilio cha wakulima wengine. Haikuwa mwaliko kwa mtu wa Jilore.

JAMAA WA MBUNI WALIO KWETU

Nimefika sasa katika sehemu ambayo mimi mwenyewe sikuijua mpaka nilipoifasiri.

Nilisema kwamba aina za mibuni ni zaidi ya 120. Baadhi yake ni za pwani. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania huota mibuni ya mwituni, miti midogo ya kivulini ambayo mtu aweza kuipita bila kuitambua. Aina moja yake haina kabisa kile kiingiacho damuni na kumnyima mtu usingizi, nayo tunda lake huiva kwa muda wa miezi miwili tu, wala si minane. Tazameni hekima ya mti huo: umekaa mahali ambapo mvua ni fupi, basi umejifunza kumaliza kazi yake kabla mvua haijakwisha. Aina nyingine, iitwayo kahawa ya Zanzibar au ya Ibo, imelimwa na kunywewa na watu wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, ambao ni jirani na ndugu zetu wa bahari moja. Mwaka 2021 wataalamu waliandika kwamba aina hiyo, pamoja na nyingine ya Msumbiji, huota mahali pa chini, penye joto na mvua chache, na kwa hiyo yaweza kuwa na faida kubwa siku zijazo.

Msinielewe vibaya. Kahawa hizo za mwituni huzaa kidogo, mbegu zake ni ndogo, wala hakuna soko kubwa linalozingoja. Simwambii mtu aingie msituni na panga kuzitafuta. Lakini mwenye kutafuta mbuni ustahimilio joto atautafuta kwa jamaa wanaoishi katika joto. Uwezo wa mibuni hiyo waweza siku moja kuchanganywa na utamu wa arabika, kama vile mfugaji achanganyavyo ng'ombe wa maziwa na ng'ombe wa kienyeji avumiliaye kiangazi.

Na jamaa hao wamo hatarini. Mwaka 2019 wataalamu wa bustani ya Kew huko Uingereza walitangaza kwamba aina 75 kati ya 124 zilizojulikana wakati huo, yaani sita katika kila kumi, zaweza kutoweka duniani kwa sababu ya kukatwa misitu na kugeuka kwa majira. Mmoja katika jamaa hao hukaa katika vilima vya Taita, mahali ambapo msitu umebaki vipande vipande.

Sisi wa Kilifi tunao msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kama kilomita za mraba 420, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya namna yake iliyosalia katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Tunazo na makaya ya Mijikenda, ambayo baadhi yake yaliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Wazee wa kaya waliokataza mtu kukata mti au kuokota hata kijiti hawakuwa wakifikiri habari za kahawa. Walilinda makaburi, mafingo na heshima ya mahali. Lakini kwa katazo lao walituwekea akiba ya mbegu na dawa ambayo hesabu yake hatujaimaliza. Mtu achomaye makaa katika Sokoke leo huuza gunia moja. Hajui ameuza na nini pamoja nalo.

JIBU LA MZEE WA JILORE

Basi, tofauti ya katazo la zamani na shauri la leo ni hii: lile lilimzuia mtu asifaidi kitu ambacho ardhi ilikiruhusu, hili lamwonyesha mtu kitu ambacho ardhi yake haikiruhusu, ili asipoteze alicho nacho. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mikorosho kumi na miwili, ijapokuwa mizee, ni mbacha. Mche wa mchuuzi ni msala upitao.

Lakini shauri lisiloonyesha njia ni nusu ya shauri. Mambo tuliyojifunza kwa mbuni ndiyo yaliyoko katika miti yetu wenyewe. Mkorosho na mwembe pia hungoja kiangazi ili kutoa maua, na mvua ikiwanyeshea isipotazamiwa, maua huoza kwa ukungu. Nanyi mmeona wenyewe jinsi majira yalivyokuwa: mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020 mpaka 2022, watu wa Ganze na Magarini wakapoteza mifugo, kisha mwishoni mwa 2023 zikaja kwa gharika. Hatuwezi kuamuru mvua, lakini twaweza kuiandaa miti.

Kwanza, mkorosho mzee usikatwe wote kwa siku moja. Katwa matawi makavu na yale yaliyosongamana, ili hewa na jua vipite, maana ukungu hupenda mahali pasipopita hewa. Kata au pandikiza michache kila mwaka, upate kuvuna kwa iliyobaki huku ukingoja mipya.

Pili, miche ichukuliwe mahali panapojulikana. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kimeshughulika kwa miaka mingi na korosho, nazi na maembe ya pwani. Mwuza miche asiyeweza kukuambia mti wa mama ulisimama wapi, usimpe fedha yako.

Tatu, usichome majani yaliyoanguka. Yatandaze chini ya mti, mbali kidogo na shina. Hufunika udongo, huzuia jua, na huoza yakawa mbolea. Wakulima wa kahawa wa bara hufanya hivyo, pamoja na kupanda miti ya kivuli, nao hupunguza joto la shamba kwa digrii kadhaa.

Nne, okota maembe yaliyooza na kuyafukia. Nzi wa matunda wa kigeni, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 hapa hapa pwani, hukua ndani yake, na joto humfaa kama linavyomfaa yule kidudu wa kahawa.

Tano, linda kivuli kilichopo. Mti mkubwa wa mpakani si adui wa mahindi.

Nilimweleza yule mzee mambo haya yote, tukachukua muda mrefu, kwa kuwa aliuliza maswali mengi kuliko nilivyoweza kujibu, na mengine ilinibidi kumwuliza bwana shamba. Mikorosho hakuikata. Ule mche aliupanda nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha mwembe, karibu na mahali pa kuogea, akasema kwamba fedha aliyotoa imekwisha kwenda, na yeye ataka wajukuu wake waone kwa macho yao mti unaotoa kile wanachokinywa wazee wa Malindi. Sikumkataza. Shule ya namna hiyo haina hasara.

Ndugu zangu, jioni mtakapomsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, kumbukeni kwamba kikombe kile kimetoka kwa mkulima wa mlimani ambaye mwaka huu pengine hakupata usiku wa baridi aliouhitaji. Tabu yake na tabu yetu asili yake ni moja, ijapokuwa miti ni mbalimbali. Yeye aangalia mlima ukiisha juu yake. Sisi twaangalia misitu ikiisha kando yetu. Mlima hauwezi kuongezwa urefu. Msitu waweza kuachwa ukasimama.